Mbu wa Bagamoyo na ridhaa ya kijiji

Kati ya mwaka 1994 na 1997 ndege ndogo zilikuwa zikipita juu ya Unguja na kudondosha maboksi ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na mbung'o madume waliofugwa Tanga kwa damu ya ng'ombe, kisha wakapigwa mionzi hadi wakawa tasa. Maboksi yakifunguka, madume hao walitawanyika katika msitu wa Jozani na vichaka vya jirani kutafuta majike. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo likishakutana na dume tasa, uzao wake umeishia hapo. Walimwagwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o mwitu wa mwisho kisiwani alinaswa Septemba 1996, na ng'ombe wa Unguja wakapumua.

Kazi ile ilifanyika bila kelele nyingi, na ukiitazama utaelewa kwa nini. Vinasaba vya mbung'o wale vilikuwa vimevurugwa kwa mionzi, lakini havikuwa na pa kwenda. Kila mdudu alikufa na hitilafu yake. Laiti kituo cha Tanga kingefungwa katikati ya kazi, baada ya wiki chache asingebaki hata mmoja, na kisiwa kingerudi kilivyokuwa. Aliyeanzisha jambo alikuwa na uwezo wa kulisimamisha.

Sasa njoo Bagamoyo. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kuna mbu aliyetengenezwa kwa nia iliyo kinyume kabisa na ile: aishi, azae, na alichopewa kisambae. Hajatoka nje. Yumo ndani ya maabara yenye milango ya kufuatana na neti juu ya neti, akinyonya maji ya sukari kwenye pamba kama mbu wengine wote wa maabara, na viluwiluwi wake wakila chakula cha samaki wa mapambo kilichosagwa. Lakini Desemba 2025 habari zake zilichapishwa katika jarida la Nature, na tangu hapo swali la kama Waafrika wanaweza kufanya uhandisi jeni wa kiwango hiki limejibiwa. Limebaki lile gumu zaidi: wakishaweza, wamuulize nani kabla ya kufungua mlango?

Tuanze na mbu mwenyewe. Ni Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria barani. Watafiti wa Ifakara, mmoja wa viongozi wao akiwa Dkt. Dickson Lwetoijera, wakishirikiana na Chuo cha Imperial cha London, walimwingizia maelekezo ya kutengeneza protini mbili ndogo. Moja asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika, anayeitumia kujikinga na vijidudu. Nyingine ni ya sumu ya nyuki. Mbu jike akishanyonya damu, utumbo wake huanza kutoa protini hizo, na vimelea vya malaria vilivyoingia na damu hiyo hudumaa. Havifi vyote. Vinachelewa tu, na kuchelewa kunatosha, kwa sababu kimelea kinahitaji kama wiki mbili ndani ya mbu kabla ya kufika kwenye tezi za mate na kuwa tayari kumwambukiza mtu, na mbu wengi porini hawaishi muda mrefu baada ya hapo. Kimelea kikichelewa siku kadhaa, kinazikwa na mwenyeji wake.

Katika majaribio ya Bagamoyo mbu hao hawakupewa vimelea vilivyozoea kufugwa maabara tangu miaka ya zamani. Walipewa vimelea kutoka katika damu ya watoto wenye maambukizi wa maeneo hayohayo, na dawa ikafanya kazi. Naiita dawa, ingawa anayeinywa ni mbu.

Peke yake, hata hivyo, mbu wa namna hiyo hana faida. Ukimwachia Kisarawe, vizazi vichache baadaye jeni yake itakuwa imepotea kati ya mamilioni ya mbu wa kawaida. Urithi wa kawaida ni kama shilingi iliyorushwa juu: kila jeni ya mzazi ina nusu ya nafasi ya kumfikia mtoto. Hapa ndipo inapoingia mbinu wanayoiita msukumo wa jeni, ambayo Austin Burt wa Imperial aliieleza kwa nadharia mwaka 2003, wakati bado hakuna chombo cha kuitekeleza. Chombo kilipatikana mwaka 2012, pale Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipoonyesha kwamba mfumo wa kinga wa bakteria unaoitwa krispa unaweza kuelekezwa kukata DNA mahali popote unapotaka. Walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Kinachofanyika ni hiki. Mbu anapewa jeni mpya pamoja na kimeng'enya kinachokata. Anapotengeneza mayai au mbegu, kimeng'enya hicho kinakwenda kwenye kromosomu pacha, ile iliyotoka kwa mzazi mwingine, na kuikata mahali palepale. Seli inahangaika kuziba jeraha, na ili kujua pa kuziba inachungulia kromosomu nzima ya upande wa pili na kuinakili, jeni mpya ikiwemo. Shilingi sasa ina uso mmoja. Karibu watoto wote wanairithi, na watoto wa watoto, hata kama jeni hiyo haimpi mbu faida yoyote. Ukiachia mbu wachache, baada ya miaka michache umegusa mbu wa wilaya nzima, pengine na mkoa.

Watafiti wa Bagamoyo wamelitenganisha jambo hili kwa makusudi. Mbu wao ana jeni ya kudumaza vimelea, lakini kimeng'enya cha kukata kiko kwenye ukoo mwingine wa mbu. Walipovichanganya ndani ya maabara, urithi uliruka juu kama ilivyotarajiwa. Mbu wa kwanza akitoroka peke yake, hana cha kumsukuma. Ni busara, na inaonyesha kwamba waliofanya kazi hii wanajua vizuri wameshika nini.

Kuna aina ya pili ya msukumo ambayo nia yake si kumbadilisha mbu bali kumpunguza. Mwaka 2018 kundi la Andrea Crisanti, Imperial vilevile, lililenga jeni iitwayo doublesex, inayoamua umbo la jike. Majike wenye nakala mbili za jeni iliyoharibiwa hawang'ati wala hawatagi. Katika vizimba vya maabara, idadi yote ya mbu ilikufa ndani ya vizazi kati ya 7 na 11. Baadaye, huko Terni, Italia, katika vizimba vikubwa zaidi, wakaisha ndani ya mwaka. Mradi wa Target Malaria unaifuatilia njia hiyo, na umekuwa na washirika Burkina Faso, Ghana na Uganda, ambako Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ina maabara yake ya mbu.

Mtu anaweza kuuliza: kwani neti zimekosa nini? Hazijakosa. Zimeokoa watu wengi kuliko chombo kingine chochote dhidi ya malaria katika karne hii. Lakini mbu wamezoea viuatilifu vya neti, na wengine wamejifunza kung'ata jioni kabla watu hawajapanda kitandani. Kagera, Rwanda na Uganda vimeonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa mseto ambazo ndizo tegemeo letu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria na 597,000 walikufa, asilimia 95 ya vifo hivyo vikiwa Afrika, vingi vya watoto wa chini ya miaka mitano. Tanzania peke yake ilibeba zaidi ya asilimia 4. Anayesema tungoje lazima akubali kwamba kungoja nako kuna makaburi yake. Hapo nakubaliana na wanasayansi moja kwa moja.

Ninapoanza kusita ni mahali pengine, wala si kwenye hoja inayotajwa mara nyingi vijiweni na redioni, ya kwamba binadamu anaingilia kazi ya Mungu. Naiheshimu imani ya anayeitoa, lakini mtu huyohuyo humpeleka mwanawe kuchanjwa, anakula mahindi ambayo mababu wa Amerika waliyageuza kutoka kwenye nyasi, na hakuna aliyeswali kuwaombea mbung'o wa Jozani. Hata hofu ya kwamba mbu akiisha mazingira yatavurugika ina nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Duniani kuna zaidi ya aina 3,500 za mbu, na wanaobeba malaria ni wachache. Popo na mbayuwayu hawachagui. Isitoshe, mbu wa Bagamoyo hakusudiwi kuisha.

Ninasita kwenye ridhaa.

Chukua kazi ambayo watafiti wa Ifakara wameifanya miaka mingi katika bonde la Kilombero. Usiku mtu wa kujitolea anakaa kwenye kiti, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, na mrija wenye kichupa mdomoni. Mbu akitua mguuni, kabla hajachoma, anamnyonya kwa mrija na kumtia kwenye kikombe chenye neti. Saa moja nyumba hii, saa inayofuata nyumba ile, hadi alfajiri. Mtu huyo amesaini fomu ya ridhaa, amepewa kinga na kupimwa, na kamati ya maadili imepitia kila hatua. Zaidi ya yote, fomu yenyewe inasema anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Akisema kesho siji, haji, na hakuna wa kumdai kitu.

Katika bonde hilohilo watafiti waliwafundisha wanavijiji kutambua makundi ya mbu madume yanayocheza hewani jua linapozama. Madume hujikusanya juu ya uwazi fulani, kando ya shamba la mpunga au mbele ya nyumba, kwa dakika ishirini au thelathini, na majike huja hapo kupandwa. Wanavijiji waliyapata makundi mengi, mengine yakirudi mahali palepale jioni baada ya jioni. Dume mwenye msukumo wa jeni angefanya kazi yake katika ngoma kama hizo, juu ya kiwanja cha mtu, bila kumng'ata yeyote, maana madume hawang'ati. Mwenye kiwanja hagusiki mwilini. Kwa utaratibu wa utafiti tuliouzoea, huyo si mshiriki, na fomu haimhusu.

Lakini anahusika kuliko yule wa mrija. Yule wa mrija anaweza kujitoa. Huyu mwenye kiwanja hawezi, wala mwanawe hawezi, wala kijiji cha pili ambacho hakikuitwa kwenye mkutano. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mbu wa malaria wa Sahel hupandishwa na upepo hadi mita mia na zaidi juu ya ardhi na kusafiri usiku. Mbu wa Bagamoyo akivuka mpaka wa Horohoro, mamlaka ya Kenya itakuwa imekubali nini, na lini?

Wanaoendesha miradi hii si kwamba hawajalifikiria. Target Malaria walikaa miaka mingi na watu wa kijiji cha Bana, Burkina Faso, kabla ya Julai 2019, walipoachia mbu madume tasa zaidi ya 6,000 waliobadilishwa jeni lakini wasio na msukumo wowote. Walitumia mikutano, maigizo, hata msamiati wa lugha ya mahali uliotungwa pamoja na wanakijiji. Mamlaka ya usalama wa viumbe ya nchi ilitoa kibali. Yote yalikwenda kwa hatua. Agosti 2025 wakaachia wengine katika kijiji kingine, na siku chache baadaye serikali ya kijeshi ikasimamisha shughuli zote za mradi nchini humo, baada ya kampeni kali ya wapinzani waliosema nchi inafanywa maabara ya wageni wenye fedha.

Nadhani serikali ile ilikosea kuhusu mbu wale, ambao hawakuwa na msukumo wa jeni na hatari yao ni ndogo. Lakini malalamiko yenyewe yana mashiko. Fedha za mradi zilitoka kwa sehemu kubwa kwa Taasisi ya Gates na wahisani wengine wa Marekani. Kijiji kiliombwa ridhaa na mtu ambaye ndiye mwenye fedha, mwenye elimu ya kueleza, na mwenye hamu ya kusikia ndiyo. Hata ukiulizwa kwa upole wote, mazingira hayo si ya mtu huru kusema hapana.

Ndiyo maana mbu wa Bagamoyo ananivutia na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Ametengenezwa na Watanzania, kwenye ardhi ya Tanzania, dhidi ya vimelea vya watoto wa jirani. Ile hoja ya kwamba mzungu anatujaribia imepungua uzito. Lakini imeondoka na kisingizio chetu pia. Sasa hatuwezi kusubiri London iamue halafu tupinge. Uamuzi uko Dodoma, na Dodoma haina rekodi ya kutia moyo.

Kumbuka mahindi. Oktoba 2016 mahindi yaliyobadilishwa jeni ili kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, jirani kabisa na Dodoma, ndani ya uzio. Ili yapandwe, kanuni za usalama wa viumbe za mwaka 2009, zilizomtia hatiani kwa madhara kila aliyehusika hata kama hakuwa mzembe, zilibidi kulegezwa mwaka 2015 upande wa utafiti. Mwaka 2018 majaribio yakasimamishwa. Januari 2021 serikali ikatangaza kuachana na utafiti wa mazao yaliyobadilishwa jeni. Kila hatua ilikuja kama tangazo. Mkulima wa Kongwa hakuulizwa yalipopandwa na hakuulizwa yalipong'olewa. Kenya nayo ilipiga marufuku mwaka 2012 na kuondoa marufuku Oktoba 2022 kwa uamuzi wa baraza la mawaziri, na kesi zikafuata mahakamani. Mahindi unaweza kuyang'oa na kuyachoma moto. Nchi ambayo imebadilisha msimamo mara kadhaa ndani ya miaka michache kuhusu mmea ulio ndani ya uzio, itafanya nini na kiumbe kisicho na uzio?

Wapo wanaosema tatizo hilo ni la baadaye, kwanza sayansi ikamilike. Sayansi nayo ina maswali yake. Msukumo unaweza kugonga mwamba: seli ikiziba jeraha vibaya badala ya kunakili, mahali pa kukata panabadilika na kimeng'enya hakipatambui tena, na mbu wenye kinga hiyo wakaongezeka. Vimelea navyo vinaweza kuzoea protini za chura na nyuki kama vilivyozoea klorokwini. Na kuna jambo moja ambalo sioni likitajwa vya kutosha nje ya duru za wataalamu. Katika bonde la Kilombero, anayeeneza zaidi ya asilimia 80 ya malaria siku hizi si Anopheles gambiae. Ni Anopheles funestus, mbu wa aina nyingine kabisa asiyezaliana naye. Neti zimempunguza gambiae kule hadi kuwa nadra. Kwa hiyo mbu wa Bagamoyo, hata akishinda kila mtihani, hatamaliza malaria ya Ifakara, mji ulioipa taasisi jina lake. Atafaa mahali ambapo gambiae bado anatawala, na hapo tu.

Sisemi hivyo ili kuidharau kazi. Nasema ili mwanakijiji atakayeombwa ridhaa aambiwe kiasi halisi cha anachopewa. Ukimwambia malaria itaisha, atakubali kesho asubuhi, na utakuwa umemdanganya.

Mwaka 2018, Sharm el-Sheikh, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana kwamba kabla ya kuachia viumbe wenye msukumo wa jeni, itafutwe pale inapofaa ridhaa ya jamii zinazoweza kuathirika, iliyo huru, ya mapema, na yenye taarifa kamili. Haikutajwa nani anasema kwa niaba ya jamii. Tanzania tunacho chombo ambacho nchi nyingi hazina: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake kisheria, na ambao tayari huamua mambo ya ardhi. Kina udhaifu wake. Mtendaji hujua kuandika muhtasari wa kikao ambacho akidi haikutimia, na wanawake mara nyingi hukaa nyuma wakinong'ona. Lakini ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kupinga, na maneno yake yakaandikwa.

Mimi ningekubali jaribio, mbali na bara, kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria au cha bahari ambako gambiae ndiye mwenye mji, kwa aina ya msukumo inayochoka yenyewe baada ya vizazi kadhaa. Wabunifu wanayo michoro yake, na ule utengano wa Bagamoyo ni hatua ya kuelekea huko. Ningekubali kama vijiji vyote vya kisiwa vingepiga kura, na vijiji vya ng'ambo vinavyotazamana navyo vingekuwa na sauti, hata vile vya nchi jirani. Kabla ya kura ningetaka sheria iliyoandikwa waziwazi: nani anafuatilia mbu hao baada ya mfadhili kuondoka, kwa fedha ya bajeti gani, na mtu akidhurika anamshtaki nani katika mahakama ipi. Kanuni zile za 2009 zililegezwa kwa ajili ya mahindi ya ndani ya uzio. Kwa mbu mwenye msukumo wa jeni hazitoshi, na sijaona muswada wa kuzibadilisha ukipelekwa bungeni.

Maabara ya Bagamoyo haitasubiri. Mbu huchukua kama wiki mbili kutoka yai hadi mbu mzima. Muswada wa sheria, kwa uzoefu wetu, huchukua miaka.